Kabla ya Kukodi Basi: Ziara na Shughuli za Shule Ndogo ya Kijijini

Mwalimu mwenzangu, kama shule yako ina watoto mia na kitu, walimu wanaohesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na barabara inayokatika masika, mwongozo huu ni wako. Nimeuandika nikizifikiria shule za vijijini mkoani Iringa, lakini mwalimu wa Kondoa au wa Masasi hatashindwa kubadilisha majina ya mahali akautumia.

Neno ziara likitajwa kwenye kikao cha kamati ya shule, mawazo ya watu hukimbilia basi, Mikumi na simba. Gharama ya basi ikishapigwa hesabu, mazungumzo hufia hapo, na watoto humaliza mwaka bila kutoka nje ya uwanja wa shule kwa ajili ya kujifunza. Nakushauri uanzie upande wa pili. Tafuta kwanza swali ambalo watoto wako hawawezi kulijibu wakiwa wameketi kwenye madawati. Kisha tafuta mahali pa karibu kuliko pote ambapo jibu lake linapatikana. Mara nyingi mahali hapo ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Mara chache ni mbali, na hapo ndipo pesa ya basi inapokuwa na maana.

Anzia kijijini

Chukua mashine ya kusaga. Kila mtoto ameshatumwa na mama yake kupeleka mahindi pale, kwa hiyo wengi watakuambia hakuna jipya. Wape swali: debe moja la mahindi lina kilo ngapi? Mwombe mwenye mashine akuazime mizani asubuhi, kabla wateja hawajajaa. Debe la mahindi makavu kwa kawaida huwa na kilo 18 hadi 20, ikitegemea ukavu wa punje na namna lilivyojazwa. Wapimishe watoto debe lililosawazishwa juu kwa ubao, kisha lile lililojazwa mpaka likachongoka. Tofauti waiandike kwa kilo, waizidishe kwa bei ya siku hiyo, halafu waizidishe tena kwa madebe ambayo familia moja huuza kwa msimu. Darasa la nne wanaimudu hesabu hiyo. Wakirudi nyumbani jioni na jawabu, utaona wazazi wanaokuja shuleni kuuliza, maana mambo ya lumbesa na vipimo vya kuchongoka yanawagusa mfukoni.

Bonde la vinyungu, yale mashamba ya bondeni ya kiangazi, nalo lina swali lake. Kwa nini Agosti, mahindi ya mlimani yameshavunwa na ardhi imepasuka, huku bondeni mboga na maharage mabichi yanaendelea kustawi? Watoto wachimbe mashimo mawili yenye kina cha mkono mmoja, moja mteremkoni na jingine kinyunguni, wauguse udongo, waufinyange, waulinganishe rangi. Baadaye wafuate mfereji kuelekea juu hadi maji yanapotokea. Hapo watakutana na miti iliyokatwa au iliyobaki kwenye chanzo, na somo la mazingira litakuwa limejileta lenyewe. Jambo moja usilegeze: hakuna mtoto anayeingia kwenye maji yaliyotuama. Kichocho hakionekani kwa macho, na lambo linaloonekana la kina kifupi linaweza kuwa na shimo katikati.

Shughuli ninayoipenda kuliko zote za karibu ni ya mahame. Vijiji vyetu vingi vilikusanywa mahali vilipo leo wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 1970. Mzee aliyekuwa kijana wa miaka 15 wakati ule bado yupo, na anakumbuka alikolala kabla ya kuhamishwa. Mwende kwake kwanza, wewe na mwalimu mmoja, mkamweleze nia yenu na kumwomba awaongoze watoto. Siku ya matembezi yeye atangulie. Mahame hayakosi alama: jiwe la kusagia, vigae vya vyungu, mti wa matunda uliosimama peke yake mahali ambapo hakuna nyumba. Watoto waulize maswali waliyoyaandaa darasani: nyumba zenu zilikuwa umbali gani kutoka kwa jirani, maji mlichota wapi, mlihamia hapa na vitu gani, nini kilibaki? Wengine watasikia kwa mara ya kwanza kwamba babu yao hakuzaliwa kijijini hapa. Kama kuna makaburi, mzee ndiye aseme wapi pa kupita na wapi pa kuacha. Kila kitu kibaki mahali pake. Watoto wachore badala ya kuokota.

Somo la Historia ya Tanzania na Maadili linapata mwili kwa namna hiyo, na hukulipa hata shilingi moja ya nauli. Mzee mpelekee kitu. Kilo ya sukari inatosha, lakini iende na heshima: watoto wawili, mvulana na msichana, waikabidhi pamoja na barua ya shukrani iliyoandikwa na darasa zima.

Wapo pia watu ambao inafaa waje wao shuleni. Akina mama wanaosuka vikapu kwa milulu wana hesabu kichwani ambayo vitabu vyetu huihangaikia: nyuzi ngapi ili ua lijirudie sawasawa kuzunguka kikapu? Mhudumu wa zahanati aje na chati yake ya uzito wa watoto wachanga. Fundi baiskeli aje na gurudumu moja na kamba, watoto wapime mzingo na kipenyo, wagawe. Wote hawa wana kazi zao, kwa hiyo wapangie siku isiyo ya shamba na uwaandalie chakula cha mchana.

Kalenda ya kijiji ndiyo bosi

Mkoani kwetu mvua huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili. Mavuno ya mahindi huja Juni na Julai, na watoto wakubwa huhitajika nyumbani. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi huangukia Septemba, na upimaji wa darasa la nne hufuata kabla mwaka haujaisha. Ukiyapanga hayo kwenye karatasi moja utaona nafasi zako: Mei, Agosti, na Oktoba kwa madarasa yasiyo na mtihani. Miezi ya mvua ina shughuli zake za hapohapo shuleni. Chupa iliyokatwa shingo na rula hufanya kipima mvua kizuri. Kiwekwe mbali na miti na paa, kisomwe kila asubuhi na mtoto wa zamu, na tarakimu ziandikwe ukutani. Aprili Mosi, siku ya taifa ya kupanda miti, hukuta ardhi yetu bado ina unyevu. Kila mche upewe watoto wawili, mmoja wa darasa la chini na mmoja wa darasa la juu, ili mkubwa akihitimu mti usibaki yatima.

Michezo: kila mtoto acheze

UMITASHUMTA ina thamani kubwa, na mtoto wa kijijini aliyefika ngazi ya mkoa au taifa hulikumbuka tukio hilo maisha yake yote. Lakini kwa shule ndogo ina kasoro moja. Mpira wa miguu unataka watoto 11 na wa pete 7, wa umri unaokaribiana, na ukishawachagua, waliobaki wanakuwa watazamaji kuanzia Machi mpaka Juni. Ungana na shule jirani mtengeneze timu moja ya kata, na nguvu zako nyingine uziweke kwenye siku ya michezo ya shule yako, ambayo sharti lake ni moja tu: hakuna mtoto anayemaliza siku bila kucheza.

Gawa shule nzima katika makundi manne yenye watoto wa awali hadi wa darasa la mwisho ndani yake. Udogo wa shule unakusaidia hapa, kwa kuwa mnajuana wote kwa majina. Chagua michezo ambayo vifaa vyake vinapatikana: rede kwa mpira wa matambara waliousuka wenyewe, kuruka kamba, mdako, bao, kuvuta kamba, mbio za magunia, kombolela kwa wadogo. Kundi lipate pointi kwa kila mtoto wake aliyeshiriki, na pointi chache tu za ziada kwa ushindi. Utawaona wakubwa wakimtafuta yule mpole aliyejificha nyuma ya darasa, maana wanamhitaji. Mtoto mwenye ulemavu wa miguu apewe mchezo anaoweza kushinda kwa haki, kama bao au mdako. Asiishie kushika saa.

Jioni ya siku hiyo iachie ngonjera. Mathias Mnyampala wa Dodoma, aliyeipa sanaa hii umaarufu, alituachia kitu kinachoifaa shule ndogo kabisa: inahitaji pande mbili zinazobishana kwa mashairi, na hata watoto wanne wanatosha. Watoto wako waliopima debe kwenye mashine wana hoja tayari. Upande mmoja mkulima, upande mwingine mnunuzi mwenye debe la kuchongoka, na kilo walizozipima wenyewe ziwemo ndani ya beti. Watunge wao wenyewe, kazi yako iwe kuhesabu mizani na kusahihisha vina. Wazazi watasikiliza hadi mwisho.

Ukiamua kwenda mbali

Safari moja ya mbali kwa mwaka inatosha, na kwa shule iliyo karibu na mji wa Iringa ningechagua Kalenga au Isimila. Mikumi ni hifadhi nzuri, lakini kutoka Iringa ni karibu kilomita 200, na njia inashuka Mlima Kitonga. Kwenda na kurudi siku moja na watoto wadogo ni kuwaonyesha barabara kuliko wanyama. Kama lazima iwe Mikumi, nendeni mlale, na wapelekeni wakubwa peke yao.

Isimila iko kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini, kando ya barabara kuu ya Mbeya. Ni korongo lenye nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mmomonyoko, na ardhini mna zana za mawe zilizotengenezwa na watu wa kale. Wataalamu wanakadiria zana hizo kuwa na umri wa zaidi ya miaka laki mbili. Ilipatikana pia mifupa ya aina ya kiboko aliyekwisha kutoweka, mwenye macho yaliyochomoza juu kuliko ya kiboko wa leo. Mwambie hivyo mtoto wa darasa la tatu uone kama atalala usiku wa kuamkia safari.

Tatizo ni kwamba miaka laki mbili haina maana kwa mtoto wa miaka tisa. Kwake babu, Mkwawa na watu wa zana za mawe wote ni “zamani”. Basi wiki moja kabla ya safari watoe uwanjani. Hatua moja ya mtoto iwe miaka elfu. Mmoja asimame kwenye mstari wa goli awe leo. Uhuru wa 1961 uko wapi? Hauwezi hata kufikia urefu wa kiatu. Mkwawa yuko pale pale kwenye vidole vya mguu. Kuzaliwa kwa Nabii Isa ni hatua mbili. Sasa aanze kutembea kuelekea Isimila huku wenzake wakihesabu kwa sauti, hamsini, mia, mia na hamsini, mpaka avuke goli la pili, atoke uwanjani na kuingia kwenye shamba la jirani, na bado hajafika. Watoto waliohesabu hatua hizo wakifika korongoni wataliangalia jiwe lile kwa jicho tofauti kabisa. Zoezi hili halichukui hata kipindi kizima, na kama ningelazimika kukupa ushauri mmoja tu kuhusu Isimila ningekupa huu.

Nendeni asubuhi na mapema, kwa sababu jua likisimama korongo halina kivuli cha kutosha. Kofia au kanga kichwani, viatu vilivyofungwa kwa walio navyo, na wasio navyo waazimwe. Mtoto asiachwe kwa sababu ya miguu mitupu. Anayeongoza wageni pale atawaeleza mengi, lakini mwombe kabla asizidishe dakika ishirini za maelezo kabla watoto hawajaachiwa kutazama. Zana ya jiwe haiondoki mahali pake hata ikiwa ndogo kama jani.

Kalenga iko upande mwingine, njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Ilikuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, mpaka Wajerumani walipoiteka Oktoba 1894, na makumbusho yake yanahifadhi fuvu la Mkwawa mwenyewe. Ziara hii ni ya darasa la tano kwenda juu, na inahitaji maandalizi ya moyo. Watoto wajue kabla ya kuingia kwamba wataona mabaki ya mtu halisi, ambaye ukoo wake upo na unaheshimu mahali pale. Wajue pia habari yenyewe: ushindi wa Wahehe dhidi ya Wajerumani huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, kuanguka kwa Kalenga, miaka ya kujificha na kupigana porini, na kifo chake Julai 1898 alipochagua kujiua kuliko kukamatwa. Wataliuliza hilo la kujiua. Usilikwepe, na usilifanye la kusifiwa kwa kijana mwenye huzuni zake. Waeleze mazingira ya vita, kisha waambie wazi kwamba mtu anayelemewa leo ana watu wa kumwendea, ukiwemo wewe.

Swali la safari liwe hili: kwa nini mkataba wa Versailles wa 1919, uliofunga Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ulitaja fuvu la Mkwawa? Fuvu lilipelekwa Ujerumani, mkataba ukataka lirudishwe, na lilirudi Kalenga mwaka 1954. Watoto wahesabu ni miaka mingapi tangu kifo chake. Wajadili ni nani aliyelitaka, na kwa nini. Hata wasipoafikiana, wamefanya kazi ya wanahistoria.

Gari, barua na chakula

Mei 2017, huko Karatu, gari lililobeba wanafunzi lilitumbukia korongoni. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Kila ninapoona watoto watano wamebanwa kwenye kiti cha watatu nayakumbuka majeneza yale. Kwa hiyo kwenye gari usiwe na huruma ya bei. Kila mtoto na kiti chake. Fuso na pikapu haziingii kwenye mjadala. Omba askari wa usalama barabarani alikague gari siku moja kabla, na ujue dereva amelala wapi usiku huo. Mkipanga kurudi saa kumi na moja jioni, ondokeni mlikotembelea mapema kiasi kwamba hata pancha isiwakutanishe na giza.

Kibali kianzie kwa mwalimu mkuu na kamati, kipitie kwa Afisa Elimu Kata hadi halmashauri. Anza mwezi mmoja na nusu kabla, maana barua hukaa mezani. Ridhaa ya mzazi iwe ya maandishi, na asiyejua kuandika aweke dole gumba mbele ya mwalimu. Kwenye karatasi hiyohiyo uliza kuhusu kifafa, pumu, selimundu na dawa anazotumia mtoto. Mtu mzima mmoja kwa watoto kumi, na wazazi wawili au watatu waje. Mama mmoja aliyezoea kulea ana faida kuliko mwalimu wa ziada aliyeshika simu. Waite watoto kwa majina kila mnapopanda na kushuka, kwa sababu hesabu ya vichwa hudanganya. Mwalimu wa kike awe na pedi na nguo ya kubadili, na mahali pa kusimama kwenda chooni papangwe kabla.

Watoto wengi hawajawahi kupanda gari kwa saa nzima, na watatapika. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2019, kwa hiyo beba makopo yenye mifuniko, maji ya kunawa na kitambaa. Wanaotapika wakae mbele, wale kidogo asubuhi.

Chakula kiwe cha kubebeka: viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, ndizi, parachichi. Wali uliofungiwa ukiwa wa moto alfajiri huchacha kabla ya saa sita, na tumbo la mtoto mmoja likiharibika safari ya wote imekwisha. Ndoo mbili za lita 20 zenye mabomba, maji yaliyochemshwa, zinawapa watoto arobaini lita moja kila mmoja.

Pesa ndiyo inayowagawa watoto kuliko kitu chochote. Tangu elimu bila ada ianze 2016, mchango wa wazazi ni wa hiari na hupita kwenye kamati, na hakuna mtoto wa kurudishwa nyumbani kwa sababu yake. Lakini hiari nayo inaweza kuumiza, pale waliolipa wanapopanda basi na wasiolipa wanapobaki kufagia uwanja. Ipange safari kwa mfuko wa pamoja tangu mwanzo wa mwaka: magunia mawili ya shamba la shule, mboga za bustani zinazouzwa siku ya mnada, debe la mahindi kwa anayeweza. Kikipatikana cha kupeleka darasa moja tu, darasa zima liende, na mwaka unaofuata zamu iwe ya jingine.

Baada ya kurudi

Kesho yake wape watoto nusu siku nzima. Wachore kwanza, waandike baadaye. Wadogo waliobaki shuleni wawe wageni wao: waliokwenda wawafundishe kwa hatua zilezile za uwanjani. Kwenye mkutano wa wazazi unaofuata, watoto watatu wasimame waseme walichokwenda kutafuta na walichokipata, na mweka hazina asome matumizi yote mpaka ya sabuni.

Shuleni kuwe na daftari moja la ziara, libaki ofisini hata wewe ukihamishwa. Andika tarehe, swali la safari, mliondoka na kufika saa ngapi, gari lilikuwaje, vyoo viko wapi, mzee gani aliwapokea na anapenda kupelekewa nini. Andika pia majina ya watoto waliobaki nyumbani na sababu zao, ili mipango ya mwaka unaofuata ianze na hao.